Kisukari, Jicho na Mlango wa Seli



Mhariri alipotuandikia kwamba toleo hili la mkutano wetu linahitaji makala za historia, bila shaka alitazamia habari za watawala wa zamani, au za ujenzi wa mabweni yetu ya kwanza. Mimi nimeona nilete historia ya namna nyingine: jinsi wataalamu walivyokitafuta kwa karibu miaka hamsini kitu kimoja kidogo mno kinachowapofusha wagonjwa wa kisukari, na jinsi walivyokikuta penye mlango wa seli. Sisi tuliomaliza zamani tumeshafika umri ambao watu wakikutana huulizana kwanza habari za sukari na presha, ndipo habari za watoto zifuate. Katika mkutano uliopita, meza tuliyokaa watu wanane, watano walikunywa chai isiyotiwa sukari. Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani mnafundishwa seli kwa mchoro wa ubaoni, utando hapa, kiini pale, kana kwamba mambo yake yalikwisha kujulikana yote zamani.

Kwamba kisukari hugusa macho ni habari ya karne ya kumi na tisa. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kumulikia ndani ya jicho la mtu aliye hai, na miaka michache baadaye Eduard Jaeger wa Vienna akaandika kuwa ameona madoa ya manjano katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Albrecht von Graefe, bingwa mkubwa wa macho wa Ujerumani wakati huo, hakukubali kuwa mambo hayo mawili yanahusiana. Ubishi uliendelea kwa miongo mingi, wala si ajabu, kwa maana wagonjwa waliodumu walikuwa wachache. Kijana aliyepatwa na kisukari alikonda, akazimia, akafa kabla macho hayajapata nafasi ya kuharibika.

Hali hiyo iligeuka ghafla. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mtoto wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya dondoo la kongosho kutoka maabara ya Frederick Banting na Charles Best. Dondoo lililosafishwa vizuri zaidi na James Collip likamfaa siku chache baadaye. Insulini iliwaokoa watu wengi mno, na ni haki kuisifu. Lakini wale waliookolewa, baada ya kuishi miaka kumi na mitano au ishirini, walianza kuona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya macho, kisha pazia jekundu, kisha giza. Umri mrefu waliopewa ulikuja na upofu ambao madaktari hawakuwa wamepata kuuona kwa wingi namna ile.

Inafaa tueleze kwanza linalotokea. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga, nao ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni kwa wingi mno. Damu huletwa na kapilari, vimishipa vyembamba kuliko unywele. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Cogan na Toichiro Kuwabara, wakifanya kazi Boston, Marekani, walitumia kimeng'enya kuyeyusha nyama ya retina hata ukabaki mtandao wa mishipa peke yake, kama jani lililooza likabaki vena zake. Katika macho ya wenye kisukari waliona kwamba seli zinazoikumbatia kapilari kwa nje, ziitwazo perisaiti, zimetoweka. Kwamba vibofu vidogo vimetokeza kwenye kuta. Na kwamba mahali pengine kapilari nzima imekufa. Retina ya mahali hapo hukosa damu. Baadaye, na hili ndilo lililowashangaza madaktari, mishipa mipya huota. Huota ovyo, ikitambaa juu ya retina na kuingia katika ute unaojaza jicho, nayo ni dhaifu, huvuja na kupasuka. Kovu linalofuata huivuta retina na kuibandua. Iko na namna ya pili, ambapo maji huvuja kutoka mishipa ya zamani na kuivimbisha makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina tunayotumia kusomea na kutambua nyuso.

Nani basi anayeiamuru mishipa hiyo mipya iote?

Jibu la kwanza lenye maana lilitolewa mwaka 1948 na Isaac Michaelson, daktari wa macho mzaliwa wa Edinburgh aliyefanya utafiti wake Glasgow. Hakuanza na kisukari. Alikuwa akichunguza jinsi mishipa ya retina inavyokua katika viumbe wachanga, akaona kuwa vimishipa vipya huchipuka zaidi upande wa vena, na kwamba kandokando ya ateri hubaki ukanda usio na kapilari. Ateri ina damu yenye oksijeni nyingi. Vena ina damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake. Akafikiri hivi: penye oksijeni haba retina hutoa kitu fulani, kitu hicho huenea, na kadiri kinavyozidi ndivyo mishipa inavyoota. Akaongeza kwamba huenda hicho ndicho kinachofanya kazi katika baadhi ya maradhi ya retina. Hakukiona kitu chenyewe, wala hakuwa na njia ya kukitenga. Watu wakazoea kukiita kitu X. Michaelson alihamia Jerusalem, akaongoza idara ya macho ya hospitali ya Hadassah, na kutoka huko akasaidia kuanzisha kliniki za macho katika nchi kadhaa za Afrika, Liberia ikiwa ya kwanza. Alifariki mwaka 1982, na kitu X kilikuwa bado hakijapatikana.

Wagonjwa hawakuweza kungoja. Mwaka 1953 Jacob Poulsen wa Denmark aliandika habari za mama mmoja mwenye kisukari ambaye tezi yake ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, ilikufa baada ya kujifungua. Retina yake iliyokuwa imeharibika ikapata nafuu. Mfa maji haachi kutapatapa. Katika miaka ya 1950 na 1960 wagonjwa walipasuliwa, au tezi ikachomwa kwa mionzi, ili kuiua pituitari kwa makusudi. Baadhi yao macho yalipona. Lakini mtu asiye na pituitari hutegemea homoni za dawa maisha yake yote, na kipimo kidogo tu cha insulini chaweza kuishusha sukari yake hata akafa. Nisingependa mtu awacheke madaktari wale; hawakuwa na kingine cha kumpa kijana wa miaka 30 anayepofuka.

Kingine kilitoka juani. Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa, na huko Ujerumani mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyelitazama akaunguza retina yake. Gerd Meyer-Schwickerath, daktari kijana wa Hamburg, alipoliona kovu lile alijiuliza kwa nini mwanga unaodhuru usitumiwe kuponya. Ilipofika 1949 alikuwa akiuelekeza mwanga wa jua kwa vioo kutoka juu ya paa la hospitali mpaka ndani ya jicho la mgonjwa, kwa sharti kwamba siku hiyo hakuna mawingu. Na Hamburg si Dodoma. Baadaye akapata taa kali ya zenoni, na leza ilipobuniwa mwaka 1960 ikaanza kuchukua nafasi ya taa.

Huko Boston, katika Kliniki ya Joslin, William Beetham na Lloyd M. Aiello walikuwa wameona jambo la ajabu. Jicho lililokuwa na makovu ya zamani yaliyotawanyika, mathalan kwa ugonjwa mwingine, halikuharibiwa na kisukari kama jicho lisilo na makovu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kutia makovu kwa makusudi, kwa leza, vidoa vingi vilivyotawanywa katika retina. Watu wakauliza, na ilikuwa haki yao kuuliza: kuchoma mahali pasipo na mishipa mibaya kunaiondoaje mishipa mibaya iliyo mahali pengine? Hesabu ilijibu kabla ya biolojia. Kliniki 15 za Marekani zilishirikiana, zikachukua wagonjwa zaidi ya 1,700, kila mmoja akitibiwa jicho moja kwa mwanga na jingine likiachwa, uchaguzi ukifanywa kwa kura. Mwaka 1976 matokeo yalionyesha kuwa matibabu hayo hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu, na taratibu zikabadilishwa ili hata macho yaliyokuwa yameachwa yaweze kutibiwa. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa kazi kubwa za udaktari wa karne iliyopita, ingawa haitajwi sana. Sababu yake tu ndiyo iliyokuwa bado gizani. Waliomwamini Michaelson walisema kwamba seli zilizochomwa hazihitaji tena oksijeni, kwa hiyo hazitoi tena kitu X. Yalikuwa maneno mazuri yasiyo na ushahidi.

Ushahidi uliandaliwa na watu wasioshughulika na macho. Judah Folkman, mpasuaji wa watoto huko Boston, alitoa hoja mwaka 1971 kwamba uvimbe wa kansa hauwezi kukua bila kujiitia mishipa mipya ya damu, na mtu akiuzuia mwito huo atauzuia na uvimbe. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak, katika mji huohuo, walitangaza protini itokayo katika uvimbe ambayo huifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Genentech karibu na San Francisco, alitenga protini inayoziamuru seli zilizotandika ndani ya mishipa zigawanyike. Muundo uliposomwa, ikaonekana protini hizo mbili ni moja. Kwa kifupi huitwa VEGF, nasi tunaweza kusema kichocheo cha ukuaji wa mishipa. Kichekesho ni kwamba Ferrara aliipata kwa kukuza seli za pituitari ya ng'ombe, tezi ileile waliyokuwa wakiiua madaktari wa miaka ya 1950, ijapokuwa nafuu ya wagonjwa wale kwa kawaida huelezwa kwa kukosekana kwa homoni ya ukuaji. Mwaka 1992 Eli Keshet na wenzake wakaonyesha kwamba seli zikinyimwa oksijeni huzidisha kuitengeneza VEGF. Kazi hiyo ilifanywa Jerusalem, mji uleule alikokuwa Michaelson.

Hapa ndipo vinapoingia vipokezi. Kichocheo kikizunguka mwilini hakifanyi kitu mpaka kipate mlango. Seli haimfungulii kila apitaye. Juu ya utando wake zipo protini maalumu, ndizo vipokezi, na kila kipokezi huijua sauti ya mgeni wake akipiga hodi. Kipokezi cha VEGF kina sehemu tatu: nje, vifundo saba, na baadhi yake ndivyo vinavyomshika mgeni, katikati, uzi mmoja unaopenya utando, na ndani, kimeng'enya. VEGF ikishikwa huvileta vipokezi viwili pamoja, navyo vikikutana kila kimoja hukitia kingine fosfati. Hapo amri huanza kupita kuelekea kwenye kiini: gawanyikeni, songeni mbele, legezeni viungo vya ukuta. Ili amri ipite si lazima mgeni aingie ndani. Hodi yake yatosha.

Kimoja cha vipokezi hivyo, Flt-1, kilijulikana kabla ya mgeni wake. Masabumi Shibuya na wenzake wa Tokyo walikisoma mwaka 1990 bila kujua kinampokea nani. Mwaka 1992 ikathibitika kuwa kinaipokea VEGF, na mwaka huohuo kikathibitika kingine kiitwacho KDR. Flt-1 huishika VEGF kwa nguvu zaidi, lakini KDR ndicho kinachopitisha sehemu kubwa ya amri. Wanafunzi wa biolojia wauweke kando utofauti huo, tutauhitaji.

Sasa turudi Joslin. Lloyd Paul Aiello, mtoto wa Lloyd M. Aiello, naye alikuwa daktari wa macho na mtafiti, akifanya kazi na George King, ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akichunguza vipokezi vya seli za mishipa ya retina. Wao na wenzao walikusanya majimaji ya macho ya wagonjwa 164 waliokuwa wakipasuliwa, sampuli 210 kwa jumla, wakayapima. Matokeo yalichapwa Desemba 1994. VEGF ilipatikana katika sampuli 69 kati ya 136 za wagonjwa wa kisukari ambao mishipa mipya ilikuwa ikiota. Kwa watu wasio na maradhi ya kuota mishipa ilipatikana katika sampuli 2 tu kati ya 31. Majimaji hayo yenye VEGF yalipowekwa juu ya seli za mishipa ya retina, seli ziliongezeka. Yalipotiwa kingamwili ya kuizuia VEGF, ongezeko likazuilika. Na kwa wale ambao leza ilikuwa imewafaa, kiasi cha VEGF kilishuka kwa robo tatu hivi. Baba alikuwa amezichoma retina za watu kwa nguvu ya macho yake na hesabu. Mtoto sasa alionyesha ndani ya chupa za maabara kitu chenyewe kikipungua. Michaelson alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1995 kundi hilo lilitoa habari nyingine mbili. Kwanza, seli za mishipa ya retina ya ng'ombe zina vipokezi vya VEGF vingi kuliko seli za aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni; retina husikia hodi ambayo sehemu nyingine za mwili huisikia kwa mbali. Pili, walichukua sehemu ya nje ya kipokezi, ile inayomshika mgeni, wakaitenga na uzi na kimeng'enya chake, wakaiunga na kipande cha kingamwili, wakaichoma ndani ya macho ya panya wadogo ambao retina zao zilikuwa zikiota mishipa mipya. Ni mlango usio na nyumba. VEGF hubisha pale, hushikwa, na habari haifiki popote. Karibu katika macho yote yaliyochomwa dawa hiyo, mishipa iliota kidogo kuliko katika macho ya kulinganishia.

Kampuni ya Regeneron ya Marekani ililiendeleza wazo la mlango usio na nyumba. Mwaka 2002 watafiti wake walieleza protini waliyoiunda kwa kuchukua kifundo cha pili cha Flt-1, chenye mshiko mkali, na kifundo cha tatu cha KDR, wakaviunga juu ya mguu wa kingamwili. Dawa hiyo, aflibercept, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa ugonjwa wa makula wa wazee, na mwaka 2014 kwa uvimbe wa makula wa kisukari. Kipokezi kilichokuwa njia ya kupofuka kimekuwa sindano ya kuzuia upofu.

Ferrara na kampuni yake walipita njia nyingine, ya kingamwili. Bevacizumab iliruhusiwa mwaka 2004 kwa kansa ya utumbo mpana. Ndugu yake ndogo ranibizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho, iliruhusiwa mwaka 2006, na kwa kisukari mwaka 2012. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2005, Philip Rosenfeld wa Miami alichukua tone la ile dawa ya kansa akalichoma ndani ya jicho la mgonjwa, na likafaa. Chupa moja ya kansa ikigawanywa vizuri na kwa usafi hutoa sindano nyingi za jicho. Huko Marekani sindano moja ya ranibizumab ilipoanza kuuzwa ilikuwa kama dola 2,000, ile ya bevacizumab kama dola 50. Mwaka 2015 zilichapwa habari za jaribio lililozilinganisha dawa zote tatu kwa wagonjwa 660 wenye uvimbe wa makula wa kisukari. Kwa macho yaliyokuwa bado yanaona vizuri kiasi, zote zililingana; kwa yale yaliyokwisha kufifia zaidi, aflibercept ilizishinda nyingine katika mwaka wa kwanza. Kwa hospitali yenye fedha chache hayo ni matokeo ya kutia moyo, na tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka bevacizumab katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho.

Si kila mlango uliogongwa ulifunguka. King na wenzake walifuatilia amri ndani ya seli, baada ya kipokezi, wakaikuta protini moja ipitishayo habari, iitwayo PKC. Kampuni ya Eli Lilly ikatengeneza kidonge cha kuizuia, ruboxistaurin. Kidonge badala ya sindano ya jicho! Mtu yeyote angekipenda. Mwaka 2006 wakuu wa dawa wa Marekani wakataka jaribio jingine kubwa kabla ya kukiruhusu, na hakikufika sokoni. Halafu zile sampuli 69 kati ya 136 zinakumbusha kuwa zilibaki 67 ambazo VEGF haikupatikana. Wako wagonjwa wanaochomwa sindano kila mwezi na uvimbe haupungui inavyotakiwa. Watafiti wamekigeukia kipokezi kingine, Tie2, ambacho kazi yake ni kuituliza mishipa isivuje, na ambacho katika jicho la kisukari huzibwa na protini nyingine. Dawa ya kwanza inayoizuia protini hiyo pamoja na VEGF, faricimab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022.

Dawa hizi zote hulifaa jicho lililotazamwa mapema, na hapo ndipo penye matata, kwa kuwa retina huanza kuharibika wakati mwenyewe anasoma gazeti bila shida. Donald McLarty, aliyekuwa profesa Muhimbili, na wenzake walipowapima watu wa vijiji vya Tanzania, taarifa yao ya mwaka 1989 ilionyesha kisukari kwa kama mtu mzima mmoja tu katika kila mia. Atakayekaa leo asubuhi moja katika kliniki ya kisukari ya mji wowote mkubwa ataona hali si ile. Katika mkoa wa Kilimanjaro, hospitali ya KCMC ya Moshi iliunda mpango wa kuwapiga picha za retina wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki zao, bila kungoja walalamike. Kazi yenyewe ni fupi. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, hungoja kidogo, huweka kidevu juu ya kamera, na picha ikasomwa na mtu aliyefunzwa. Matone hayo huacha ukungu machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo atakayekwenda asijiendeshee gari siku hiyo. Amwombe kijana wake ampeleke.